Pampu ya maji ya umeme Davies Craig EWP115: je, gari lako linaihitaji?

Kwa Probox ya kazini, hapana. Pampu ya kawaida inayozungushwa na mkanda wa injini, ikiwa nzima, rejeta safi na feni inayowaka kwa wakati hutosha hata foleni ya feri Likoni. Gari likichemka limesimama, kagua feni kwanza.

Injini iliyoongezewa nguvu ndiyo itakayofaidi: pampu hii husukuma hadi lita 115 za maji kwa dakika bila kutegemea kasi ya injini, na kidhibiti chake huendelea kuipoza ukishazima. Themostati (vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto) na mapanga ya pampu ya zamani lazima yatoke. Pampu mpya ifungwe chini kabisa, la sivyo hunasa hewa. Tunachohofia zaidi ni viunganishi vya nyaya zake: chumvi ya pwani huvila, pampu ikasimama ghafla. Vipake grisi ya umeme. Maji ya kisima usitie, tumia kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini).