Viatu vya wavu au visivyopitisha maji kwa matembezi ya juani?

Kwenye joto kali nachagua vya wavu bila kusita. Jasho linapata pa kutokea, na hata ukivuka kijito vinakauka huku unatembea. Vyenye utando kama Gore-Tex huzuia maji ya nje, sawa, ila jasho hutoka polepole: soksi zinalowa, ngozi inalainika, malengelenge yanafuata. Na maji yakiingilia juu, yanabaki humo humo! Viatu hivyo vya utando vina nafasi yake kwenye baridi na matope.

Wavu nao hupitisha vumbi na mchanga.

Mwenye kinundu kwenye kidole gumba aangalie kwanza upana wa mbele. Wavu laini usio na mshono hapo haumsugui. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi zako za safari.