Rubidi ya mtumba: nimeuziwa mechi bila refa

Nawaambia mapema, hasira hazijaisha. Mimi ni fundi wa redio za upepo, Dar. Miezi kadhaa iliyopita nilichoka kurekebisha redio za watu kwa kipimo ambacho chenyewe kinahama jua likipanda. Nikanunua rubidi ya mtumba, yaani saa ya atomu yenye madini ya rubidi ndani, ile inayong'olewa kwenye minara ya simu, ili nipate megahezi 10 (mapigo milioni kumi kila sekunde) zisizotikisika. Muuzaji akaapa: "Imepimwa, inapiga kazi."

Ikafika. Nikaifunga kwenye bati nene la aluminiamu, maana inachemka kama pasi, nikaipa volti 24. Kwa kawaida dakika tano zinatosha ishike, yaani itulie kwenye mapigo yake sahihi. Saa mbili nzima zikapita, wapi! Nikaweka wimbi lake kwenye osiloskopu, kile kipimo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, nililinganishe na la GPS linaloongozwa na setilaiti. Linatembea! Kila sekunde nne hivi mzunguko mzima unapita. Rubidi iliyoshika vizuri, ungekaa robo saa na zaidi ndipo upite mmoja.

Asiyeelewa aelewe hivi: mle ndani anayekimbia ni kwatzi, kipande cha fuwele kinachotoa mapigo, kama ya saa ya mkononi ila imesomeshwa. Rubidi ni refa. Atomu zake zinaitikia hezi 6,834,682,610 tu, kwatzi ikipotoka kidogo inarudishwa mstarini. Yangu ilikuwa inacheza peke yake.

Nikamwandikia jamaa kwa adabu kabisa, na picha juu. Jibu lake: "Kaka, osiloskopu yako ndiyo mbovu. Kwani unarusha roketi?"

Unarusha roketi! Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Usiku, kwa kuwa hela ilishakwenda, nikaifungua. Taa yake, ile inayomulika atomu ili refa aone, ni kichupa cha kioo, kidogo kama ncha ya kidole, na usoni kilikuwa na utando wa kijivu kama mtu kakipumulia. Ni rubidi yenyewe, imehamia kwenye kioo ikaziba mwanga. Madini haya huyeyuka kwenye nyuzi 39 tu, homa ya mtoto. Nikaazima bloa ya hewa moto kwa fundi simu jirani, nikakipuliza polepole huku nasali, hadi utando ukaondoka. Nikarudisha, nikawasha. Mwanga wa zambarau, na kabla ya dakika tano ikashika. Lile wimbi likasimama kama limepigiliwa msumari. Nikalikodolea macho mpaka chai ikapoa.

Basi nyota nne? Sijui. Chombo nakipa nne, muuzaji simpi kitu, na taa ikishaanza mchezo huo huwa inarudia. Kwa redio tu, kusema kweli, kwatzi nzuri ya kwenye oveni, yaani inayotunzwa kwenye kiboksi chenye joto lisilobadilika, ingetosha, haina taa ya kukusumbua. Msinunue.

Ila jana nimejikuta namuuliza jamaa yuleyule kama anayo nyingine. Hajajibu.