Semina ya praise team hapa Dodoma, na elfu thelathini yangu

Wapendwa niliahidi kuleta mrejesho wa ile semina ya viongozi wa praise team, yani timu za kuongoza sifa kanisani, nimechelewa kwasababu nilitaka kwanza nijaribu tulichofundishwa nione kama kinashika au yalikuwa maneno ya ukumbini tu. Ilikuwa mwezi wa tano, Ijumaa na Jumamosi, ukumbi uko upande wa Nkuhungu, kiingilio elfu thelathini chai humohumo. Jina la waandaaji nabaki nalo, mliokuwepo mnajua.

Nianze na mabaya yaishe. Tuliambiwa saa mbili kamili, tumeanza saa nne kasoro. Maiki inapiga miluzi kila mwalimu akisogelea spika, na hiyo ni semina ya muziki jamani. Chai na andazi moja, ukichelewa foleni unapata chai peke yake. Alafu asubuhi yote ya Ijumaa ikaisha kwa kila timu kupanda jukwaani kuonesha sebene yao, wenye sauti wakashindana, wenye sare mpya wakapiga picha, mimi nimekaa nyuma napiga hesabu ya hasara na nauli ya bajaji.

Kilichoniokoa ni kipindi cha mchana. Akapanda mwalimu mmoja mtu mzima, hakuimba hata mstari, akauliza tu: wewe kiongozi ukipoteza sauti Jumamosi usiku, kesho anaimbisha nani? Ukumbi kimya. Kwangu jibu lilikuwa hakuna, naenda hivyohivyo na koo limekauka, mwaka huu nilishafanya mara tatu na watu wakanipongeza kwa kujitoa.

Sisi kanisa letu liko huku Ng'ong'ona, kwaiyo nusu ya timu ni wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kila mwezi wa saba ni msiba, wengine wanaenda field, wengine wamemaliza wanarudi kwao, na chuo kikifungua tunaanza upya na watoto wa mwaka wa kwanza ambao hata hawajajua daladala za kwenda mjini. Mwaka jana mpiga kinanda kamaliza karudi Mbeya, na kii za nyimbo zote, yani kila wimbo unapigwa kwenye sauti ipi, ya juu au ya chini, zilikuwa kichwani kwake, hakuna daftari, hakuna chochote. Tukafunga na kuomba siku tatu kumpinga adui, kumbe adui alikuwa ratiba.

Yule mzee akatufungulia 1 Nyakati 25, ile sura ambayo wengi tunairuka sababu ni majina matupu. Waimbaji waliofundishwa 288, wamegawanywa zamu 24, kila zamu watu 12, na kura imepigwa sawasawa kwa mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Piga hesabu 24 mara 12 uone. Akasema hii ndo ratiba ya praise team iko kwenye Biblia na nyie mnaimba watu walewale kila Jumapili mpaka mnachukiana. Akarudi sura ya 15 kwa Kenania, ambaye anatajwa kwa kufundisha wengine kuimba sababu alikuwa stadi. Hapo nikainamisha kichwa maana mimi stadi nilikuwa najiona, kufundisha sasa!

Akashuka kwenye vitendo: kila chombo kiwe na watu wawili, anayejua na anayejifunza, na anayejifunza apige ibada ya kweli sio mazoezini tu. Daftari la kii likae kanisani. Na kii ya kiongozi sio kii ya kanisa, alituimbisha wimbo mmoja kwenye G alafu akapandisha mpaka C, kinamama wa mstari wa mbele wakanyamaza mmoja mmoja kama taa za Tanesco. Kuhusu sauti nako alitoa simu akapima karibu na monita, ile spika inayowaelekea waimbaji, ikasoma desibeli 97, ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Simu sio kipimo cha uhakika sawa, lakini kwenye usalama wa kazini masikio yanahesabiwa kuvumilia masaa nane kwa siku kwa desibeli 85, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, kwaiyo 97 ni nusu saa. Ibada yetu ni masaa matatu. Fundi mitambo wetu nilimpigia palepale.

Jumamosi ilikuwa nyepesi. Kipindi cha migogoro, ambacho mimi ndo nilikisubiri, kilikuwa dakika ishirini na jibu likawa ombeni sana. Nina soprano wawili, waimbaji wa sauti ya kwanza, hawasalimiani tangu Pasaka kisa maiki moja isiyo na waya, maombi wanayafanya wote, tena kwa nguvu. Na jambo lingine dogo, tuko katikati ya Wagogo, watu waliotupa mwanamuziki Hukwe Zawose, kinamama wanaopiga ngoma za muheme wakiwa wengi na bado kila ngoma inasikika, na siku mbili hakuna aliyewataja. Wapiga drams wetu wangekaa nao hata asubuhi moja.

Sasa matokeo. Tumegawa zamu tatu. Dada mmoja alikasirika kukosa Jumapili mbili akahamia kanisa lingine, sijui kama hapo nilifanya vizuri. Jumapili yangu ya kwanza kupumzika nilikaa benchi la nne na washirika, watu wakadhani nimetengwa, mama mmoja akaja baada ya ibada ananishika mkono ananiambia mwanangu Mungu husamehe. Ila pale benchini ndo nikagundua alto, sauti ya pili ya kinamama, haisikiki kabisa, gita linaifunika, miaka yote naongoza sikujua.

Wanafunzi wameondoka wiki mbili zilizopita. Kinanda anapiga kijana wa form three, anakosea kuingia chorasi mara mojamoja lakini daftari liko mbele yake na kanisa linaimba.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, zote ni za yule mzee. Wakirudi mwakani nalipia watu wawili, mimi nabaki nyumbani, na chai nitawafungia kwenye chupa.