Konrodi za milioni na ushee, miezi tisa sasa ziko chini ya kitanda

Bidhaa, yaani seti ya konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozunguka ndani ya injini), naipa nyota tano. Uamuzi wangu wa kuinunua naupa mbili.

Gari ni Subaru Forester SG5 ya turbo, gia za mkono, injini EJ205. Ni ya kazi za kila siku: Njiro kwenda mjini Arusha, wikiendi Moshi kwa wazazi, mara mojamoja kushuka Tanga. Niliifungia kidhibiti cha busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) cha kuzungusha kwa mkono, geji ikawa inasoma bar 1. Tangu hapo kila kijiwe cha Subaru nikikaa naambiwa konrodi za kiwandani zitatoboa bloku. Maneno hayo ukiyasikia mara kumi unaanza kuota ndoto mbaya.

Nikaagiza seti: chuma cha 4340 (aina ya chuma kigumu) kilichofuliwa, umbo la H, bolti ngumu za ARP 2000. Mpaka zinafika Arusha na ushuru umelipwa, milioni moja na laki tatu na kidogo. Nilizipeleka kwa mama mmoja muuza viungo mwenye mizani ya dijiti, nikazipima moja moja juu ya karatasi yake ya iliki. Iliyo nzito na iliyo nyepesi zilipishana gramu 1. Tundu hadi tundu ni milimita 130.5, sawa na za Subaru. Ukiagiza, angalia krenki yako kwanza: hizi ni za jino (pale krenki inapokamatwa na konrodi) la milimita 52, na kuna EJ20 za zamani zenye 48. Ndani ya tundu dogo kuna bushi ya shaba. Nilipitisha kidole, hakuna hata kikwaruzo.

Kwa nini basi hazijafungwa?

Mwezi wa saba, ule baridi wa asubuhi unaoujua, gari likaanza kugonga ko-ko-ko likiwashwa. Gereji ya kwanza wakasikiliza dakika moja wakaamua: konrodi zimechoka, tushushe injini. Bei wakaandika kabisa. Pona yangu winchi yao ilikuwa mbovu siku hiyo.

Nikaenda kwa mzee mmoja Unga Limited. Yeye hakugusa spana. "Ikipata moto inazidi au inaisha?" Nikamwambia inaisha. "Basi hiyo siyo konrodi, mdogo wangu. Beringi ya konrodi ikishakula, moto ndiyo unaiharibia zaidi, maana oili inakuwa nyepesi." Alichosikia yeye ni pistoni ya baridi inayogonga ukuta wa silinda, ikipanuka inatulia. Ili nisibishe, akafungua filta ya oili, akaikata kwa msumeno wa chuma, akaikunjua ile karatasi yote juani kama anaanika dagaa. Akanionyesha cha kutafuta: vumbi linalometameta. La beringi sumaku hailivuti, kwa hiyo usiridhike na sumaku peke yake. Karatasi ilikuwa nyeusi tu, safi.

Halafu akanieleza kitu ambacho ningekijua kabla sijalipa. Konrodi ngumu haiongezi hata nguvu ya farasi mmoja. Kazi yake ni kuvumilia mambo mawili: kuvutwa na kubanwa. Kuvutwa kunatokana na mizunguko, na kunapanda kwa kipeo cha pili. Mimi naishia mizunguko 6500 kwa dakika. Ningepeleka 7500, mvuto ungeongezeka karibu theluthi. Kubanwa kunatokana na mgandamizo wa silinda, hasa ukikanyaga mafuta turbo ikiwa imejaa na mizunguko bado iko chini. Kwa busti yangu, EJ hii haianzii kufa kwenye konrodi. Pistoni zake za kiwandani ni za kumimina, na mafuta yakijilipukia ovyo, kingo kati ya ringi ndizo zinazomeguka. Ningefunga konrodi za 4340 nikaacha pistoni zilezile, ningekuwa nimeweka mlango wa chuma kwenye nyumba ya udongo.

Swali lake la mwisho ndilo lililonimaliza: "Ulityuni wapi?" Kutyuni ni kupanga mafuta na cheche za injini, nami nilifanyia hapahapa Arusha. Mji uko kama mita 1400 juu ya bahari, hewa yake ni kama bar 0.86. Geji ya busti inasoma kilichozidi hewa ya nje, kwa hiyo bar 1 ya hapa jumla ni 1.86. Shuka Tanga, geji inasema 1 ileile lakini jumla ni 2 na nukta. Silinda inapokea karibu asilimia 8 zaidi, tena kwa joto la pwani. Kile kidhibiti changu cha mkono hakijui wala hakijali. Tulifungua rekodi za safari yangu kwenye laptopu: baada ya Korogwe kontroboksi (kompyuta ya injini) ilikuwa inarudisha taimingi (wakati wa cheche) nyuma mara kwa mara, dalili kwamba mafuta yanajilipukia ovyo. Mimi niko ndani nasikiliza muziki.

Nikanunua pampu ya mafuta kubwa zaidi, nikatyuni upya, na nikishuka pwani naishia bar 0.8. Vyote havikufika theluthi ya bei ya konrodi. Ko-ko-ko ya asubuhi bado ipo, nimeizoea.

Zitafungwa siku injini itakaposhuka kwa sababu nyingine, pamoja na pistoni za kufuliwa, na nafasi ya oili kwenye beringi ipimwe, kama milimita 0.05 hivi. Bolti hizi zinatakiwa kukazwa kwa kupima zimerefuka kiasi gani. Niliulizia kipimo hicho mashine shopu mbili. Moja walicheka, ya pili wakanionyesha torki renchi isiyo na kioo. Nacho itabidi niagize.

Jumamosi nimezipaka oili upya. Chini ya kitanda kuna unyevu, na 4340 inashika kutu kama jembe.