Rangi za joto au za baridi kwa nyumba ya Dar?

Rangi za joto ni ukoo wa nyekundu, chungwa, njano na krimu. Za baridi ni buluu, kijani na kijivu chenye ubuluu. Dar wengi hukimbilia za baridi wakiamini chumba kitapoa. Ndani ya nyumba, rangi hubadili hisia tu. Kinachopoza ni feni na madirisha yanayopitisha upepo. Joto lenyewe linahusu zaidi ukuta wa nje, na hapo cha kuangalia ni ukolezi: buluu iliyokoza hunyonya jua kuliko krimu hafifu, ingawa krimu ndiyo inayoitwa ya joto.

Chumba kinachotazama magharibi ndicho kigumu. Jua la jioni huingia na wekundu wake, na ukuta wa chungwa huwaka hadi macho yachoke. Kijani hafifu hulituliza. Lakini chumba kilichobanwa na ukuta wa jirani, kama vingi vya Manzese, hakilioni jua. Ukikipaka kijivu kinazidi kiza. Hicho kipe krimu au njano hafifu.

Jikoni? Yoyote, mradi ifutike.

Taa nazo zina neno. Balbu ya mwanga mweupe huipausha krimu, na buluu hugeuka kama wodi ya hospitali. Kabla ya kununua ndoo ya lita 20, fundi apake kipande ukutani, ukitazame asubuhi, jioni na usiku. Ukinibana nichague, sebuleni krimu, chumbani kijani.