Nyatiti ya kweli au sauti yake kwenye kinanda?

Bendi inayochanganya ala za Kijaluo na rege au afro-fusion haichelewi kukutana na swali hili: tupande jukwaani na nyatiti yenyewe, ala ya nyuzi ya Wajaluo, au turekodi sauti zake tuzipige kwa kinanda cha umeme?

Kwa ladha ya muziki, nyatiti ya kweli haina mpinzani. Mpigaji hachezi nyuzi 8 tu. Pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu hugonga mti wa ala, njuga mguuni zinaitikia, na juu ya hayo yote anaimba. Mpiga dramu mzuri humsikiliza na kumfuata. Sauti zilizorekodiwa zinakupa noti, lakini mvutano huo haupo.

Kwa uhakika, kinanda kinashinda waziwazi. Ngozi ya nyatiti hulegea penye unyevunyevu, nyuzi hutoka kwenye tuni, na maikrofoni ikielekea spika inapiga mluzi. Mwimbaji akitaka kupandisha ufunguo wa wimbo, kwenye kinanda ni kubonyeza tu. Kwenye nyatiti ni kukaza upya kila uzi.

Gharama kubwa ya nyatiti ni mpigaji wake, si chombo. Hata mkirekodi, mlipeni vizuri. Ni kazi yake hiyo.

Mkiwa na mpigaji wa kudumu na muda wa kupima sauti, bebeni nyatiti. Mkipiga kwenye kumbi ndogo kila wikendi na fundi mitambo msiyemjua, kinanda kitawafaa zaidi, na nyatiti ibaki ya studio.