DT-830D: mita ya njano ya elfu kumi na mbili, inapima volti sawasawa?

Angalia hapa mezani. Nina betri ya volti 9, ile yenye vichwa viwili juu, na rezista mbili, yaani vifaa vya kuzuia mkondo, za mega-omu 1 (omu milioni moja), nimeziunga kwa mfululizo, moja baada ya nyingine. Betri nimeshaipima, inasoma 9.30. Rezista zinalingana, kwa hiyo kila moja inatakiwa ipate nusu, yaani 4.65. Sasa nagusisha mita kwenye hii ya kwanza. Umeona? 3.10. Nahamia ya pili: 3.10 tena. Jumlisha, ni 6.20. Volti 3.10 hazionekani!

Na mita ni nzima kabisa. Hii ni DT-830D, ile ya njano iliyojaa Kariakoo, mimi nimeipata kwa shilingi 12,000. Wengi mmeniuliza kama inamfaa anayeanza kujifunza umeme. Nasema inamfaa, na nitawaonyesha kwa nini, ila uijue tabia yake kwanza, na tabia yake ndiyo hiyo uliyoiona sasa hivi.

Ukipima volti, unaiweka mita sambamba na kile unachokipima. Umeme unakuwa umepata njia ya pili, ya kupitia ndani ya mita. Ukinzani wa ndani wa mita hii ni mega-omu 1, sawa kabisa na rezista yangu. Vikikaa sambamba, vinakuwa kama rezista moja ya nusu mega-omu. Kwa hiyo saketi imeshabadilika: upande mmoja mega-omu 1, upande wa pili nusu, na ule wa nusu unapata theluthi ya 9.30. Ndiyo hiyo 3.10. Mita imesema kweli, hiyo ndiyo volti iliyopo pale wakati ncha zimegusa. Ukiziondoa, inarudi 4.65.

Nachukua mita yangu ya kazini, hii ina mega-omu 10 ndani. Napima palepale: 4.43. Nayo inakula, ila kidogo.

Sasa natoa rezista hizi, naweka za kilo-omu 1. Narudi kwenye mita ya njano. Huku 4.63, kule 4.63, na betri nzima 9.26, imeshuka kidogo kwa sababu sasa inatoa mkondo zaidi. Hesabu imekubali. Mega-omu 1 mbele ya kilo-omu 1 ni kubwa mara elfu, haisumbui.

Mtu anaweza kusema, nani anatumia rezista za mega-omu? Kijana mmoja anayejifunza kwangu alitengeneza taa ya kujizima yenyewe kwa IC ya 555 (chipu ya kupima muda), rezista ya mega-omu 1 na kapasita, kifaa kinachojaa chaji polepole kupitia rezista hiyo. Taa ikawa haizimi. Kabadilisha IC, haizimi. Kabadilisha tena. Nilipofika nikakuta ameacha ncha za mita hii kwenye kapasita, anaangalia volti zikipanda. IC ya 555 inasubiri kapasita ifike theluthi mbili ya volti za betri ndipo izime. Mita, yenye mega-omu 1 sawa na rezista yake, ilikuwa imeibana kwenye nusu, haiwezi kupita hapo hata ukisubiri mpaka asubuhi. Tukatoa ncha, taa ikazima. Iliniuma, maana alikuwa amefanya kila kitu sawa.

Tuje kwenye saketi ambayo wengi wenu mtaanza nayo: betri tatu ndogo za volti 1.5, rezista ya omu 220, na taa nyekundu ya LED. Zungusha swichi kwenye 20 upande wa DC, yaani umeme wa betri, waya mweusi kwenye COM, mwekundu kwenye tundu la katikati. Betri: 4.68. LED: 1.95. Rezista: 2.73. Jumlisha hizo mbili za mwisho, unarudi kwenye 4.68 bila kupungua. Gawanya 2.73 kwa 220, unapata mkondo wa kama miliampea 12, na hujakata waya wowote kuupima. Kwa kazi hii sioni sababu ya mtu kutafuta mita ya laki.

Mambo mawili yanayonitia wasiwasi. Betri ya ndani ikichoka, mita hii inaanza kusoma juu ya ukweli, na ukiiamini utasema betri iliyokufa ni nzima. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, acha kupima, badilisha.

La pili ni zito. Hilo tundu la juu, la 10A, halina fyuzi. Ukisahau waya mwekundu humo kisha ukaenda kupima volti, umepiga shoti. Kwenye betri ndogo utaona waya unapata moto. Kwenye soketi ya ukutani ya volti 230 inaweza kukulipukia mkononi. Kwenye swichi wameandika 750 kwa umeme wa AC, lakini mimi siipeleki ukutani, na wewe nakuomba sana usiipeleke. Huko inatakiwa mita yenye fyuzi za kweli na alama ya CAT III (daraja la usalama la mita za umeme wa majengo), ya kiwanda kinachoaminika.

Ukienda kununua, usiondoke kabla ya kujaribu waya. Weka kwenye alama ya buza, gusanisha ncha mbili, kisha kunja-kunja waya pale unapoingia kwenye mpini. Mlio ukikatika, umekatika ndani. Mwambie muuzaji akupe nyingine, na hiyo nayo uijaribu hapohapo.